Umeacha Ngwai na Sasa Hulali? Hiyo Ni Arosto, na Ina Tarehe ya Kuisha

Ni saa nane usiku na macho yako hayana dalili ya kufunga. Leo ni siku ya tatu tangu uache ngwai. Shuka imeloa jasho na hata hakuna joto. Mbwa wa ploti ya pili anabweka na unaskia kama anabweka ndani ya kichwa chako. Jioni ulimfokea mtoto wa wenyewe ju ya kumwaga maji kidogo. Chapo ulizowekewa zimelala kwa sahani, na wewe ndiye ule msee alijulikana kwa kumaliza sufuria. Alafu kuna kasauti kadogo kanakuuliza: si uwashe moja tu ulale? Kwani uliacha ya nini?

Kabla utoke kutafuta kiberiti, soma hii kwanza.

Hiyo kitu inakusumbua ina jina. Pwani, mwili ukianza kudai dawa yake watu husema mtu ako na arosto, na mara mingi utaskia hilo neno kwa stori za unga. Ukiongelea ngwai, base yote itakucheka. Watakuambia bangi ni majani, haina arosto, wewe unajifanyia tu. Hiyo stori iko kila mtaa, kutoka Kariobangi hadi Kisauni, na si kweli.

Lakini naelewa venye ilianza. Arosto ya unga inaangusha mtu chini anatapika na kutetemeka mbele ya watu. Ya pombe, kwa mlevi wa kila siku, inaweza hata kuua. Ya bangi haina hiyo drama. Inakuja imevaa nguo za tabia yako. Unaanza kufikiri wewe ni mtu wa hasira, wewe ni mtu hawezi lala bila kitu, wewe ni mtu hana furaha kichwani na ngwai ndiyo ilikuwa inakushikilia. Hapo ndipo wasee wengi hurudi. Wanasoma dalili za wiki moja wanadhani ni ripoti ya maisha yao yote.

Hata madaktari walichelewa kuikubali. Chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiweka rasmi kwa kitabu chake cha kutambua magonjwa mwaka wa 2013. Alafu 2020 watafiti wakakusanya tafiti 47 zenye watu zaidi ya 23,000 waliokuwa wanavuta mara kwa mara ama wameshazoea kabisa, wakapata kama 47 kati ya kila 100 hupata arosto wakiacha. Kwa hivyo yule beste yako anasema aliacha asubuhi moja na hakuskia kitu huenda hakudanganyi. Yeye aliangukia ile nusu ingine. Usijipime na yeye.

Na hauko peke yako hata hapa nyumbani. NACADA ilipohesabu mwaka wa 2022, ilipata mtu mmoja kati ya kila 53 Kenya, wa miaka 15 hadi 65, anatumia bangi. Hiyo ni karibu abiria wa basi moja kubwa lililojaa: kwa kila basi kuna mmoja. Wengi wao siku moja wataamka wakisema leo naacha, na wataenda hiyo safari bila mtu wa kuwaeleza kenye kinakuja.

KICHWA CHAKO NA ILE NGANYA

Chukua mfano wa makanga aliyefanya kazi miaka sita kwa nganya yenye mziki wa kutingisha vioo. Akishuka jioni, mkewe akimwongelesha kwa sauti ya kawaida anaskia kama ananong'ona. Masikio yamejizoesha kelele. Ubongo wako umefanya kitu kama hicho. (Ni mfano tu. Masikio yakiharibika na kelele mara nyingi hayarudi. Ubongo hapa uko na bahati kuliko masikio.)

Ubongo hutengeneza kemikali zake zinazofanya kazi karibu na ya bangi. Mojawapo iligunduliwa 1992 ikapewa jina anandamidi, kutoka kwa neno la Kisanskriti la furaha kuu. Hizo kemikali zinatua kwa vipokezi vinavyoitwa CB1, na kazi zake ni zile za kila siku: kukuletea njaa, kukusaidia kulala, kutuliza wasiwasi, kupunguza maumivu. THC, ile kitu kwa bangi inakupa stimu, inatua kwa vipokezi hivyo hivyo, ila kwa kishindo na kwa muda mrefu zaidi.

Ukifanya hivyo kila siku kwa miaka, ubongo unaona hizi kelele zimezidi na unapunguza vipokezi. Ndio maana kitambo moja ilikutosha mchana kutwa na siku hizi nne hazikufikishi mahali. Ukizima mziki ghafla, anandamidi yako inabaki ikinong'ona kwa vipokezi vichache. Sasa angalia tena orodha ya kazi zake: njaa, usingizi, utulivu. Ndio hizo hizo zimekutoroka wiki hii. Hujarogwa.

Habari njema ni kwamba hivyo vipokezi hurudi. Mwaka wa 2012 watafiti walipiga picha bongo za watu wanaovuta kila siku, wakaona vipokezi vimepungua. Baada ya kama wiki nne bila kuvuta, sehemu nyingi za ubongo zilikuwa zimekaribia kurudi kawaida. Utafiti mwingine wa 2016 ulionyesha marekebisho yanaanza mapema sana, hata ndani ya siku mbili za kwanza. Kwa hivyo ile saa nane ya usiku unahisi ubongo umeharibika, mafundi washaingia kazini. Kelele unayoskia ni nyundo.

KALENDA YAKE

Siku ya kwanza mara nyingi ni sawa tu. THC inakaa kwa mafuta ya mwili na kutoka pole pole, kwa hivyo bado uko na akiba. Wasee hujipiga kifua hiyo siku, wanaambia kila mtu wameacha.

Kati ya saa 24 na 72 ndio mambo huanza: hasira za haraka, wasiwasi, kukosa usingizi, tumbo kukataa chakula, jasho la usiku, kichwa kuuma, wengine mikono inatetemeka kidogo. Kilele huwa ndani ya wiki ya kwanza. Ukiwa siku ya nne na unahisi inazidi badala ya kupungua, usiseme haifanyi kazi. Hapo ndipo inapaswa kuwa mbaya.

Wiki ya pili dalili nyingi za mwili zinashuka. Njaa ndiyo hurudi mapema kwa wengi, na ikirudi huja na fujo. Usingizi ndio wa mwisho, unaweza kusumbua mwezi mzima na hata zaidi. Na kiasi inategemea: ulikuwa unavuta ngapi, kwa miaka mingapi, na kali kiasi gani. Yule wa shash ya kila saa hataskia sawa na yule wa moja ya Jumamosi. (Hilo jina shash, kama hujui, watu hulitoa kwa Shashamane, mji wa Ethiopia.)

Hakuna kidonge kilichoidhinishwa cha kumaliza arosto ya bangi. Daktari anaweza kukusaidia na dalili moja moja, lakini kama kuna mtu mtaani anakuuzia dawa ya kukata ngwai kwa siku mbili, huyo anakata pesa zako.

USIKU NDIO VITA

Nakaa hapa kidogo ju hapa ndipo watu huanguka. Mchana unaweza kujishughulisha. Usiku uko wewe na dari.

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni ndoto. Bangi hupunguza ile sehemu ya usingizi yenye ndoto nyingi. Miaka yote hiyo ulikuwa unasema wewe huoti. Ukiacha, ubongo unajaribu kulipa deni lote mara moja, na ndoto zinakuja kama sinema ya mwendo kasi, zingine mbaya, za kukimbizwa, za watu waliokufa. Hakuna mtu amekutumia jini. Ni deni linalipwa, na litaisha.

Kuna moja huchanganya karibu kila mtu: unaota umewasha. Unaskia mpaka harufu. Unaamka na hatia, moyo unadunda, unafikiri umevunja siku zako tisa. Hujavunja kitu. Ndoto haihesabiwi.

Sasa usingizi wenyewe. Watu hujaribu kuulazimisha kwa kulala mapema, saa mbili usiku wako kwa kitanda wakihesabu mabati. Hiyo inafanya kinyume. Afadhali uchelewe kulala na uamke saa ile ile kila siku, hata kama umelala masaa matatu, hata Jumapili. Saa ya kuamka ndiyo inafundisha mwili. Usilipe usingizi mchana. Ukilala saa kumi jioni, utaona mwezi ukipita kwa dirisha.

Ukikaa kitandani kama nusu saa na hakuna kitu, toka. Kaa kwa kiti, kunja nguo, sikiliza redio kwa sauti ya chini, rudi ukianza kusinzia. Najua keja ni chumba kimoja na kitanda ndicho sofa ndicho meza. Basi geuka tu, kaa ukiegemea ukuta upande wa miguu. Inaonekana ujinga lakini kichwa kinatofautisha. Simu weka mahali huwezi kuifikia bila kusimama, ju saa tisa usiku utaingia kwa status za mbogi na utaona nani ako na nini.

Kahawa na vile vinywaji vya kuongeza nguvu viishe mchana. Chai ya rangi pia, kama una mazoea ya vikombe vinne jioni. Na kuoga maji ya moto kabla ya kulala kunasaidia, hata kama ni karai na sufuria moja.

Kama kazi yako ni ya mwili, mjengo, kuosha magari, kubeba mizigo Gikomba, hapa uko mbele ya wenye ofisi. Mwili uliochoka una hoja nzuri ya kulala. Kama unakaa siku nzima, tembea jioni mpaka utoe jasho. Si lazima jimu.

TUMBO NA MDOMO

Wiki ya kwanza usipigane na sahani kubwa. Ulikuwa umezoea kuvuta ndio ule, sasa tumbo linangoja ishara ambayo haiji. Kula kidogo kidogo kwa saa, hata bila hamu: uji wa wimbi, ndizi, supu, parachichi, yai. Uji unapita hata pale ugali umekataa. Maji kunywa ya kutosha, maana usiku unatoka jasho jingi. Unaweza kushuka kilo moja ama mbili. Zitarudi.

Mdomo mwingine ni ule wa kuongea. Hasira ya hizi siku ni ya ajabu kwa sababu unaiskia kama ina haki. Mkubwa wako amekuangalia vibaya, konda amekataa kurudisha chenji, mrembo wako ameuliza swali moja tu, na unaona kabisa wote wamekukosea kwa makusudi. Wasee wamepoteza kazi ya miaka mitano siku ya tano ya kuacha. Wameachana na bibi siku ya sita. Alafu wakasema, unaona, nikiwa natumia nilikuwa mtulivu.

Kwa hivyo weka sheria moja: hakuna uamuzi mkubwa kabla siku 14 ziishe. Hakuna kuacha kazi, hakuna kuhama keja, hakuna ile meseji ndefu ya saa sita usiku. Iandike kama ni lazima, lakini usitume.

Na ambia mtu mmoja. Hii ni ngumu hasa kama nyumbani hawakujua unavuta, ama walijua na mkakubaliana kunyamaza. Ukitokwa na jasho, huli, macho mekundu ya kukosa usingizi, mathe atafikiri umeanza kitu kibaya zaidi. Nimeona nyumba moja ikiita maombi ya kukesha kwa kijana ambaye ndiyo kwanza ameacha. Alikasirika akaenda base usiku huo huo. Angesema maneno kumi tu: "Mathe, nimeacha ile kitu, nitakuwa na hasira wiki mbili, nivumilie." Huhitaji kuungama miaka yote. Hayo yanatosha.

BASE, MBOGI NA KILE KINACHOINGIA PAHALI PA NGWAI

Hamu ina umbo. Inapanda, inafika juu, inashuka, na mara nyingi yote hayo ni ndani ya dakika 20 au 30. Ukiwa ndani yake unaona ni kama haitaisha. Angalia saa inapoanza. Tembea, oga, piga simu, osha vyombo. Ukiangalia saa tena utashangaa.

Kinachoiamsha ni mahali, watu na saa. Kama uliwasha kila siku saa kumi na mbili jioni nyuma ya kinyozi, basi saa kumi na mbili mwili utakuja na bakuli lake. Kwa wiki mbili badilisha njia ya kwenda nyumbani. Hapo wasee hulia: unataka niache marafiki? Hapana. Nataka uonane nao asubuhi, ama uwanjani, ama kwa kibanda cha chai. Yule ambaye hamna chochote cha kufanya pamoja bila rola, utamjua hiyo wiki. Inauma kujua.

Toa vitu kwa keja pia. Karatasi, kile kichuna, kile kipande umeficha ndani ya soksi ukijiambia ni cha dharura. Saa nane usiku kila kitu ni dharura.

Sasa kuna kitu hakiongelewi sana. Wengi wetu huchanganya na fegi, ama hufunga ngwai kwa fegi moja baada. Ukiacha vyote siku moja unapigwa na arosto mbili pamoja, ya bangi na ya nikotini, na zinafanana: hasira, usingizi, wasiwasi. Si vibaya kuacha zote, lakini jua ndio maana inakuwa noma. Na ukibaki na fegi, chunga isipande kutoka tatu hadi pakiti.

Muguka ni mtego mwingine. Msee anasema nimeacha ngwai, sasa natafuna tu kidogo ya kunipa stimu ya kazi. Majani ya muguka na miraa yana kathinoni, kitu kinachoamsha mwili, na wewe shida yako namba moja ni usingizi. Utakesha hadi alfajiri, alafu utatafuta ngwai ya kushukisha. Mduara umefunga.

Pombe nayo inakulaza saa moja na kukuamsha saa tisa, na hasira ziko palepale. Vidonge vya usingizi vya kununua kwa kona ndivyo vibaya kuliko vyote. Vingi ni vya aina ambayo mwili huzoea ndani ya wiki chache, na kuviacha ghafla kunaweza kuleta kifafa. Utakuwa umebadilisha arosto isiyoua na inayoweza kuua.

WAKATI WA KUTAFUTA DAKTARI

Watu wengi huvuka hii safari nyumbani. Lakini kuna dalili ambazo si za kuvumilia. Ukianza kuskia sauti ambazo wengine hawaskii, ama una uhakika watu wanakufuata na wanapanga njama, nenda hospitali. Ukiwaza kujiua, usingoje asubuhi, ambia mtu aliye karibu saa hiyo na mwende pamoja. Ukitapika bila kukoma na unaona nafuu tu ukioga maji ya moto, sema hivyo kwa daktari kwa maneno hayo hayo, kuna ugonjwa wa wavutaji wa miaka mingi unaofanana hivyo. Ukizimia na kutetemeka kama mwenye kifafa, hiyo si ya bangi, tafuta msaada mara moja.

Na kama unakunywa pombe kila siku pamoja na bangi, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Hiyo pitia kwa daktari kwanza.

Kuna wale waliokuwa wanavuta kufunika kitu: wasiwasi wa tangu utoto, msiba, vitu walivyoona. Ukiacha, hicho kitu kinatoka kwa kabati. Ukifika wiki ya nne na huzuni iko pale pale kama siku ya tano, huenda si arosto tena, na inatibika kivyake.

NACADA wana laini ya bure, 1192, unapiga na kuongea na mshauri. Hospitali za kaunti zina watu wa afya ya akili, na Mathari iko pale Thika Road kwa wale wa Nairobi. Najua wengi huogopa kutaja bangi kwa hospitali ju bado ni haramu kwa sheria ya 1994. Daktari anauliza ili akutibu. Ukimficha, atatibu kitu kingine. Na familia ikikutafutia rehab ya kulipia, waulize kwanza kama imeidhinishwa na NACADA kabla watoe hata shilingi.

UKITELEZA

Siku ya tisa, harusi ya binamu, mtu anapitisha na unapokea. Imetokea. Hiyo moja haijarudisha vipokezi vyote pale vilikuwa. Kinachorudisha ni ile ya pili, ya tatu na ile sentensi ya "nishaharibu basi." Andika tu nini kilikuwa kabla: ulikuwa na njaa, ulikuwa na hasira, nani alikuwa hapo. Kesho hutawasha.

Lakini chunga kitu kimoja. Ukikaa mwezi mzima bila, alafu urudi na kipimo chako cha zamani, kitakugonga vibaya. Mwili umesahau. Wasee huishia chini ya mti wakiapa wanakufa.

Pesa nazo hesabu, ju wiki ya pili utahitaji kitu cha kushika. Kama zilikuwa za soo kwa siku, siku 14 ni 1,400. Ziweke kando kwa kweli, mahali unaziona. Jamaa mmoja wa mtaa wetu alinunua blanketi na zake, ju ile ya kwanza ilikuwa na mashimo ya moto.

Swali la mwisho, na najua wengine ndilo limewaleta hapa: mkojo utakuwa safi lini? Kwa mtu wa mara moja moja, ni siku chache. Kwa mtu wa kila siku kwa miaka, inaweza kuchukua mwezi na hata kupita, ju ya yale mafuta ya mwili. Kunywa ndimu, siki ama lita tano za maji hakusafishi hayo mafuta, na maji mengi kupita kiasi yana hatari yake. Kama kuna kazi ya udereva ama ulinzi inakungoja na wanapima, anza kuhesabu kutoka siku uliyozima ya mwisho, na ukiweza, waombe wakupangie tarehe ya mwezi ujao.